Nyumba ya watu saba, laini moja: tuchukue intaneti ipi?

Ndugu Mshauri, salaam.

Nyumbani tuko saba, na intaneti imekuwa chanzo cha kununiana kila jioni. Mume wangu ni mhasibu, anafanyia kazi nyumbani, anaingia kwenye mfumo wa ofisi kwa VPN, na vikao vyake vya video mara nyingi huwa saa mbili usiku. Mimi nafundisha hesabu kwa video kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku. Mkubwa wetu yuko chuo na anafuatilia mihadhara mtandaoni, wa kati anacheza michezo ya mtandaoni, mdogo ana katuni zake. Mama mkwe anaongea kwa video na wanawe walio mbali, na mdogo wangu wa kiume anatazama runinga ya 4K sebuleni. Tuna pia kamera mbili za ulinzi zinazorekodi mchana na usiku na kutuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Tunatumia boksi la 4G. Nikipima kwa simu naona kupakua 38 Mbps (megabiti kwa sekunde), kupakia 6. Lakini wanafunzi wanalalamika sura yangu inaganda na sauti inakatika, na ghorofani mawimbi yanafika kwa kubahatisha.

Tumepewa chaguo tatu. Kebo ya televisheni yenye intaneti, kupakua 100 na kupakia 10. Boksi la 5G la "hadi 300", ambalo likifika gigabaiti 1,000 kwa mwezi linashushwa hadi 5 Mbps. Na faiba ya 50 kupakua, 50 kupakia, mkataba wa miezi 18. Jirani anasema tuchukue namba kubwa. Fundi anasema tununue tu kirefusha mawimbi. Pia tuna ruta ya zamani kabatini, sijui kama bado ina kazi. Tufanyeje?

Mama Watatu

*

Mama Watatu, salaam kwako na kwa mama mkwe.

Chukueni faiba ya 50 kwa 50. Boksi la 4G libaki kama akiba, na kirefusha mawimbi msinunue. Ila msisaini leo. Kuna vipimo vya siku tatu vya kufanya kwanza, kwa sababu sehemu ya shida yenu haiko kwa mtoa huduma, iko ndani ya kuta zenu, na hiyo mtahama nayo hata mkibadilisha laini mara kumi.

Tuanze na sura yako inayoganda. Wanafunzi wanakuona kwa data inayotoka kwako, siyo inayoingia. Kwa hiyo ile 38 uliyoifurahia haihusiki. Inayohusika ni ile 6. Sasa hesabu vinavyotoka nyumbani saa mbili usiku. Darasa lako kwa picha nzuri linahitaji kama 4 Mbps. Kikao cha mumeo 3. Kamera mbili za 1080p, kila moja kama 2, jumla 4. Mama mkwe 2. Mchezo na vitu vidogo vidogo 1. Jumla ni 14, na mlango ni wa 6. Hapo bado sijagusa simu zinazopandisha picha na video zake zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zikinusa Wi-Fi.

Kinachofuata wengi hawakielezwi. Data isiyopata nafasi haitupwi mara moja. Inapangwa foleni ndani ya boksi. Tuseme boksi lina nafasi ya kushikilia megabaiti 1. Hiyo ni megabiti 8, na kwenye mlango wa megabiti 6 kwa sekunde, foleni iliyojaa inachukua sekunde 1 na theluthi kumalizika. Neno unalomtamkia mwanafunzi linasimama nyuma ya picha ya kamera ya geti na kusubiri zamu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waongee bila kugongana. Wewe uko mara kadhaa ya hapo. Kisha balaa linahamia hata kwa anayepakua tu. Data inayoshuka hudai risiti zirudi juu, na risiti zikikwama kwenye foleni hiyo hiyo, anayetuma naye anapunguza mwendo. Ndiyo maana katuni ya mdogo inazunguka wakati njia ya kushuka ni nyeupe.

Vipimo basi. Chukua kompyuta, izime Wi-Fi, ichomeke kwenye boksi kwa kebo ya mtandao, na hakikisha wengine wote wametoka hewani, kamera zikiwemo. Pima saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, siku tatu mfululizo, ukiandika namba tatu kila mara: kupakua, kupakia na kuchelewa kwa milisekunde. Asubuhi ikiwa nzuri na usiku ikaporomoka, mnara wenu umejaa watu, na boksi la 5G linaweza kukupeleka kwenye shida ile ile kwa jina jipya.

Kipimo cha pili: kama kompyuta ni ya Windows, fungua dirisha la amri uandike ping -t 8.8.8.8, amri inayopima kuchelewa kwa milisekunde, uache namba zitiririke. Sasa anza kupandisha video kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kutoka kompyuta hiyo hiyo. Namba zikitoka 40 na kuruka hadi 400, 600 au zaidi, hiyo ndiyo foleni niliyoieleza, unaiona kwa macho.

Cha tatu: washa Wi-Fi, chomoa kebo, pima ukiwa sebuleni kisha chumba cha ghorofani. Kebo ikisoma 35 na ghorofani 4, hakuna kifurushi duniani kitakachotibu hilo. Dawa yake ni kazi ya waya, na nitaifikia.

Turudi kwenye chaguo, tukiwa na upande wa kushuka pia. Runinga ya 4K inataka kama 15 Mbps, darasa lako lenye sura nyingi 4, kikao 3, katuni 5, mama mkwe 2, mihadhara 3, mchezo 1, simu za mkononi tuzipe 5. Jumla 38. Mchezo usiupe zaidi. Wakati wa kucheza unatumia data kidogo sana, unachotaka ni kutocheleweshwa. Unapokula kasi ni wakati wa kusasishwa. Faili la gigabaiti 60 kwenye laini ya 50 Mbps ni saa 2 na dakika 40, kwenye 100 ni saa 1 na dakika 20. Kijana aliache lishuke usiku wa manane na tofauti hiyo haitamhusu mtu.

Kwa hiyo mahitaji ya nyumba yenu ni 38 kushuka na 14 kupanda. Iweke kebo ya televisheni pembeni ya namba hizo: kushuka 100 inabaki nyingi, kupanda 10 haitoshi, na mtakuwa mmehamia nyumba pana yenye mlango mwembamba. Upungufu huo si ubahili wa kampuni peke yake. Kwenye kebo za aina hiyo, njia ya kupanda imetengewa kipande kidogo cha masafa ya chini, kwa mifumo mingi kuanzia megahezi 5 hadi 42 au 65, na masafa mengi ya juu yake ni ya kushusha. Kipande hicho cha chini ndicho pia kinachonasa kelele za vifaa vya umeme na viungio vilivyolegea mtaani, na unagawana na majirani.

Boksi la 5G lingekuwa jibu zuri kwa watu wawili wasio na kamera. Neno "hadi" kwenye tangazo lina maana ya kasi ya mtu aliye karibu na mnara, dirisha likiwa limeuelekea, saa ambayo wengine wamelala. Lakini kinachoniamulia ni ukomo wa gigabaiti 1,000. Kamera moja inayotuma 2 Mbps bila kupumzika inatumia gigabaiti 21.6 kwa siku. Mbili ni 43.2. Siku ya 24 kamera peke yake zimemaliza kifurushi, kabla runinga haijawashwa, na saa moja tu ya 4K ni gigabaiti 6.75. Kuanzia hapo watu saba wanaishi kwenye 5 Mbps mpaka mwezi mwingine. Kabla ya kukubali kifurushi chochote chenye ukomo, uliza kama data inayopanda nayo inahesabiwa. Mara nyingi inahesabiwa.

Setilaiti hukuiuliza, nami naitaja kwa sentensi chache kwa wasomaji ambao faiba haijawafikia. Zile zinazozunguka chini, kama Starlink, ziko kilomita 550 hivi juu na zinafaa kwa mazungumzo ya video. Zile za zamani ziko kilomita 35,786, na sauti ikienda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, haifai kufundishia. Dishi linataka anga wazi bila mti wala paa, na linakula umeme kuliko ruta ya kawaida.

Faiba yenu inabeba mwanga ndani ya kioo, haisikii kelele za umeme. Nayo inagawanywa, usidanganyike: kwenye mfumo wa GPON unaotumika majumbani kwa wingi, uzi mmoja wenye gigabiti 2.5 kushuka na 1.25 kupanda hugawiwa nyumba 32 au 64. Ila ukigawanya utaona hata wote wakiwasha pamoja bado kuna cha kugawana. Kwa 50 kwa 50 mnabaki na akiba ya 12 kushuka na 36 kupanda. Jioni ikibana kushuka, runinga ishushwe kutoka 4K hadi HD kamili. Inatoka 15 hadi 5.

Mkataba wa miezi 18 ndio unaonipa wasiwasi, na hapo muwe wakali. Waulize, na majibu yaandikwe: je, 50 ya kupakia ni kasi ya kudumu au ni "hadi"? Kuna sera ya matumizi ya haki inayopunguza kasi baada ya kiasi fulani, na ni kiasi gani? Uzi ukikatika, wanarejesha ndani ya saa ngapi, na siku mlizokaa gizani zinarudishwa kwenye ankara? Tukihama kabla ya miezi 18 tunalipa nini? Tunaruhusiwa kuweka ruta yetu? Na tunapewa anwani ya IP ya hadharani, ya kwetu peke yetu, au tunachangia na wateja wengine? Hilo la mwisho utalihakiki mwenyewe: ukifungua ukurasa wa ruta ukaona anwani ya nje inaanza na 100.64 hadi 100.127, mnachangia. VPN ya mumeo kwa kawaida haitasumbuka kwa sababu inaanzia ndani kwenda nje, na kamera zinazotuma mtandaoni hazitasumbuka. Atakayesumbuka ni anayetaka kuingia nyumbani moja kwa moja kutoka nje.

Siku ya fundi, msimame naye. Uzi wa faiba ukiupinda kama waya wa pasi, mwanga unavuja kwenye kona. Mkunjo usiwe mdogo kuliko duara la mdomo wa kikombe cha chai. Konekta ya kijani iingie kwenye tundu la kijani, na isafishwe kabla ya kuchomekwa, maana chembe ya vumbi usiyoiona inatosha kuiharibu. Kisha mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye kiboksi cha faiba. Kwa vifaa vingi vya GPON mpaka ni kati ya −8 na −27 dBm (kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga ni dhaifu zaidi). Akikuonyesha −20 au −22, mshukuru. Akikuonyesha −26 na kusema "inafanya kazi", mwambie arudie kiungio, kwa sababu inafanya kazi leo, kesho ikichafuka kidogo tu itazima. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa kiboksi. Siku taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Ruta haina kosa, usianze kuizima na kuiwasha, piga simu. Na watoto wasichungulie ndani ya uzi uliochomolewa, mwanga wake hauonekani na unaweza kuumiza jicho.

Sasa ghorofani. Kati ya sebule na vyumba vya juu bila shaka kuna zege lenye nondo, na mawimbi ya gigahezi 5 yanakufa humo. Yale ya 2.4 yanapenya zaidi lakini ni ya polepole na majirani wote wako humo. Kirefusha mawimbi kinasikiliza na kurudia kwa redio ile ile, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotea njiani, tena kikiwekwa pale mawimbi yalipo dhaifu kinarudia udhaifu. Vuta kebo ya Cat 6 kutoka kwenye ruta kwenda juu, halafu weka kituo cha pili cha Wi-Fi katikati ya korido. Kebo ya mtandao inafika mita 100 bila shida, na nyumba yenu haifiki hapo.

Kebo yenyewe ichague kwa macho. Kuna nyingi za bei rahisi ambazo ni alumini iliyopakwa shaba, zinakatika kwenye kona na kuoza kwenye viungio. Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ukikuta rangi ya fedha, irudishe dukani. Ipitishe mbali na nyaya za umeme, sentimita 20 au zaidi zikienda sambamba, na zikipishana zipishane kwa pembe mraba. Vituo vyote viwili vipe jina moja na nywila moja, simu zitahama zenyewe. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana megahezi 20, kituo cha juu kisifanane na cha chini. Kamera zibaki huko 2.4. Runinga na kompyuta ya mumeo, kama zinafikiwa na kebo, zichomeke. Kila kifaa kinachotoka hewani kinawaachia wengine nafasi.

Foleni nayo ina dawa. Mkinunua ruta, tafuta iliyoandikwa SQM, CAKE au fq_codel. Uwezo huo hugawa zamu kwa haki, hivyo sauti yako haisubiri video ya geti. Weka kikomo asilimia 90 ya kasi mliyoipima, yaani 45 kwa 45 kama mnapata 50 kamili. Unapoteza kidogo cha kasi, unapata foleni inayobaki kwako unapoweza kuisimamia, badala ya kukaa kwa mtoa huduma. Halafu rudia ile ping. Ikipanda milisekunde 20 au 30 tu wakati wa kupandisha video, umefanikiwa. Kamera nazo ziwekwe zirekodi saa 24 kwenye kadi ya kumbukumbu na zitume mtandaoni pale tu kitu kinaposogea. Picha za simu zipande usiku, simu zikiwa kwenye chaji.

Umeme ukikatika, kiboksi cha faiba na ruta kwa pamoja hula kama wati 20. Saa 4 ni wati-saa 80, kwa hiyo chukua betri ya wati-saa 100 au zaidi, volti zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta, mara nyingi 12. Wengi husahau kituo cha ghorofani. Nacho kinataka kama wati 10 zake, ama mtakuwa na intaneti chini na giza juu.

Msikatize 4G mpaka faiba imemaliza siku 14 bila kusumbua. Baada ya hapo libakishe boksi na bando dogo la kununua mnapohitaji. Liweke dirisha la ghorofani na ufungue ukurasa wake wa mipangilio: RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, ikiwa −95 au bora zaidi, kuelekea −80, na SINR, yaani usafi wake dhidi ya kelele, ikizidi 10, mko vizuri. Lihamishe dirisha hadi dirisha ukitazama SINR. Mara nyingine mita 2 zinatosha kubadilisha hali. Siku faiba ikilala, darasa lako na kikao cha mumeo vipite huko, runinga isubiri.

Na ile ruta ya kabatini. Ishike tundu la kufuta mipangilio kwa sekunde 10, ingia, uangalie mambo matatu: ina gigahezi 5, ina ulinzi wa WPA2 au WPA3, na mtengenezaji bado anaitolea masasisho. Ikikosa ulinzi au masasisho, iondoke nyumbani. Ikiwa navyo vyote, ndiyo kituo chenu cha ghorofani, hata matundu yake yakiwa ya 100 Mbps, kwa sababu laini yenu ni 50. Izime ugawaji wa anwani, DHCP, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta ya chini peke yake. Ipe anwani isiyofanana na ya ruta ya chini. Ya chini ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Kisha ile kebo kutoka chini uichomeke kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, siyo la WAN, la intaneti kutoka nje. Ukiichomeka kwenye WAN huku DHCP imezimwa, vifaa vya juu havitapata anwani, na ghorofa itabaki bila intaneti.